Naombeni ushauri: gemu ya chesi ya kutumiana muvu, nipeleke wapi farasi wa f6?

Habari wakuu, nacheza gemu kwa imeili, tunatumiana muvu moja moja, tumekubaliana hakuna kutumia kompyuta kuchambua ila vitabu ruksa na kuomba ushauri ruksa, mimi nina nyeusi. Tumeenda hivi (N ni farasi, B ni bishop, x ni kula, + ni cheki, herufi ndogo na namba ni kisanduku, na nukta tatu ni muvu ya nyeusi): 1.e4 e5 2.Nf3 Nc6 3.Bc4 Nf6 4.Ng5 d5 5.exd5 Na5 6.Bb5+ c6 7.dxc6 bxc6 8.Bd3.

Sasa hii Bd3 ndo inaniumiza kichwa, ukiiangalia unaona jamaa kajizibia mwenyewe askari wake wa d2, lakini kumbe anailinda e4 ili farasi wa g5 apate pa kurudi. Nimetoa askari mmoja, kwa hiyo lazima nimbane haraka.

Naona njia mbili, zote zinamfungulia malkia wangu njia ya kumpiga yule farasi. Kuna 8...Nd5, akirudi Nf3 naweka Bd6 halafu naitamani f4. Au 8...Ng4, akija Ne4 nasukuma f5, hii inanivutia ila naogopa mfalme kubaki wazi.

Halafu huyu farasi wangu wa a5 jamani, kakaa pembeni kama mgeni, mnamrudishaga lini? Waliowahi kuicheza naombeni mnisaidie.