Nimebakiza kilo tatu, niendelee au niache?

Habari zenu wapendwa. Nina urefu wa sentimita 165. Nilianza na kilo 84, leo asubuhi mzani umesoma 61. Lengo ni 58, lakini miezi miwili sasa hauteremki. Nalala na njaa, mikono baridi muda wote, na jana nilipochana nywele kitana kilijaa. Pete ya ndoa nimeizungushia uzi isidondoke. Mume wangu anasema inatosha. Naogopa nikiacha zote zitarudi. Nyie mlijuaje mmefika?

Jibu: Hongera sana dada, kilo 23 si mchezo. Kwa urefu wako, 61 ni BMI (kipimo cha uzito ukilinganishwa na urefu) ya 22 na kidogo. Kawaida ni 18.5 hadi 24.9. Sasa hiyo 58 uliitoa wapi? Na hedhi inakuja? Ikiwa imeruka, muone daktari, usisubiri.

Jibu: Kuacha kupunguza si kurudia ulaji wa zamani, maana mwili mdogo unahitaji chakula kichache kuliko ule wa kilo 84. Mimi niliongeza kama kalori 100 kwa siku, nikakaa nazo wiki nzima, ndipo nikaongeza tena. Wiki ya kwanza mzani ulipanda kilo moja, nikalia bafuni. Kumbe ni maji tu! Sasa nimejiwekea mpaka: nikizidi kilo mbili kwa wiki mbili mfululizo, narudi kupima sahani.

Muuliza swali: Asanteni. 58 ni uzito wangu kabla ya mtoto wa kwanza. Hedhi imeruka, sikutaka kusema. Jumatatu naenda kwa daktari, na leo usiku nakula nishibe.