KERO: Mnaopakia rekodi za kinanda cha mabomba, sauti ya nne mnaipeleka wapi?

Wakuu, leo naandika nimekasirika na sitazunguka. Mnaopakia mtandaoni muziki wa kinanda cha mabomba, huu wa watunzi wa zamani kama Bach, Buxtehude na wenzao, mnaua kazi za watu. Mpigaji yuko vizuri, kinanda kina miaka 300, kanisa lina mwangwi wa kutosha, halafu faili linatufikia halina pedali, yaani vibao vya miguu vinavyotoa besi. Kwaya gani itakubali irekodiwe bila sauti ya nne, yaani besi?

Tuchukue Pasakalia ya Bach, BWV 582 (BWV ni namba ya kazi kwenye orodha ya kazi za Bach). Inaanza na pedali tupu: noti 15 za miguu, ndiyo dhamira, mikono imetulia. Juu ya noti hizo Bach anajenga mizunguko 20, kisha fuga, ambamo sauti zinaingia moja baada ya nyingine na wazo lilelile. Noti ya mwisho ya dhamira ni C ya chini kabisa kwenye pedali. Bomba la futi 8 linaitoa kwenye Hz 65 hivi. La futi 16, ambalo ndilo msingi wa pedali, linashuka oktavu nzima hadi karibu Hz 33. Sasa fundi wetu anaweka filta, anakata kila kilicho chini ya Hz 100 eti isivume. Amebakiza nini? Mlio mwembamba wa juu wa bomba, mwili wake haupo. Na hasara haiishii mwanzoni. Katikati ya kipande dhamira inahama miguuni, inapanda mpaka sauti ya juu kabisa. Ambaye hakuisikia kule chini atajuaje kwamba imehama? Anasikia melodi, anapita.

Kompresa, yaani kifaa au programu ya kusawazisha ujazo, ndiyo inanitia hasira zaidi. Kinanda cha mabomba si piano. Bonyeza kibao kwa nguvu, bonyeza taratibu, sauti ni ileile. Ukubwa unakuja kwa kuongeza rejista (seti za mabomba), kuhamia manuali (safu ya vibao vya mikono) nyingine au kurundika noti. Sikilizeni mwanzo wa Tokata na Fuga, BWV 565, ile ambayo hata wasiojua kinanda wanaijua. Pedali inashika D, kisha noti zinapangwa juu yake moja baada ya nyingine mpaka kodi (noti kadhaa zikilia pamoja) inajaa na kugombana yenyewe kwa yenyewe, ndipo inafunguka. Ukiipitisha kwenye kompresa, kila noti inayoingia inazikandamiza zilizotangulia. Kodi haikui. Kilichoandikwa kizidi kuwa kikubwa noti hadi noti kinabaki na ujazo mmoja, na mvutano wote umeisha. Wanaorekodi kwa simu wanapata balaa hilohilo bila kujua, kwa sababu simu nyingi zinajirekebishia ujazo zenyewe.

Wapo pia wanaosafisha "kelele". Ule mlio mdogo wa upepo bomba linapoanza kuongea si uchafu! Kwenye sonata za sauti tatu, BWV 525 hadi 530, mkono wa kulia, wa kushoto na miguu kila kimoja kina njia yake, na mwanzo huo wa noti ndio unaokusaidia kuzitenganisha. Programu inaufuta, sauti tatu zinakuwa uji. Na mwangwi wa mwisho nao inauona kelele, kwa hiyo kodi ya kufungia inakatika kama umeme.

Halafu kuna hili la "kurekebisha tuni". Kinanda cha fundi Arp Schnitger katika kanisa la Jacobi, Hamburg, kilichokamilika mwaka 1693, kiko juu ya kipimo cha leo cha A = Hz 440 kwa karibu toni nzima. Hakijaharibika, vinanda vingi vya kaskazini mwa Ujerumani vilitengenezwa hivyo. Mtu akikishusha kwa programu, rangi ya kila rejista inabadilika, Posaune, rejista nzito yenye mlio wa tarumbeta, inakuwa kama imefunikwa blanketi. Mwacheni Schnitger na kazi yake.

Msichoandika nacho ni kero. Maelezo yanasema "Bach organ", basi. Kinanda gani? Mji gani? Rejista zipi? Kinanda cha fundi Silbermann cha kanisa kuu la Freiberg, cha mwaka 1714, hakifanani hata kidogo na cha Schnitger cha Hamburg, na kinanda cha umeme hakifanani na hivyo vyote. Msikilizaji ana haki ya kujua anasikia mabomba au spika.

Kama unarekodi, zima marekebisho ya ujazo ya kifaa. Mwombe mpigaji avute rejista zote atakazotumia, apige kodi kubwa pamoja na pedali, upange kilele kisizidi dB -6, kisha usiguse tena hadi mwisho. Maikrofoni mbili, ziwe juu, ndani ya ukumbi, mbali kidogo na mabomba. Ukizibandika kwenye kinanda utasikia vibao vikigonga na bomba la karibu litameza mengine. Filta, ikibidi, isivuke Hz 20. Mikono ikishanyanyuka, acha rekodi iende mpaka kanisa linyamaze. Na prelyudi isikatwe faili lake na fuga lake halafu tangazo la sabuni likae katikati.

NAONGEZEA baada ya kusoma majibu: wanaosema "tatizo ni simu yako", hapana. Ni kweli spika ya simu haiwezi Hz 33, na hedifoni nzuri za waya zinasaidia sana. Ila fungua faili kwenye programu inayoonyesha masafa. Kama pedali inapiga na chini ya Hz 100 hakuna kitu, hapo hakuna hedifoni itakayorudisha kilichokatwa.

Na aliyesema muziki wa "klavia" (vinanda vya vibao kwa jumla) haupaswi kupigwa kwenye mabomba, aangalie Clavier-Übung ya tatu, mkusanyiko wa Bach wa mwaka 1739. Sehemu kubwa yake ni ya kinanda cha mabomba, kwa maagizo ya Bach mwenyewe.

Mwenye BWV 582 ambayo haijachezewa, yenye jina la kinanda na orodha ya rejista, aweke hapa. Faili liwe FLAC au WAV, yaani aina zisizopunguza sauti.