MJADALA: Aliyezoea meli ndogo anaweza kulipenda jitu la siku hizi?

Mwanzisha mada, Kigoma

Ndugu zangu, salamu. Naleta jambo ambalo limenikaa kifuani tangu nirudi safarini. Kijana wangu anaishi Marekani. Mwaka jana alitukatia mimi na mama yake tiketi ya siku saba kwenye mojawapo ya zile meli kubwa mno za kitalii zinazotoka Florida kuzunguka visiwa vya Karibi. Anajua baba yake ni mtu wa meli, kwa hiyo alidhani meli ikiwa kubwa zaidi nami nitafurahi zaidi. Sikufurahi, na kumwambia sababu nilishindwa, maana mtoto alitumia fedha yake kwa mapenzi. Ngoja nijaribu kuwaambia ninyi.

Mimi nimekulia ziwani, na meli iliyonifundisha kupenda meli ni Liemba. Ilijengwa mwaka 1913 kwenye kiwanda cha Meyer huko Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa masandukuni, ikaletwa Dar es Salaam kisha Kigoma kuja kuunganishwa upya. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha isije ikaangukia mikononi mwa adui. Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina hili tunalolijua. Urefu wake ni kama mita 70 tu. Usiku ikifika mbele ya kijiji kisicho na gati ilikuwa inapiga honi, injini inashuka, na kutoka gizani mitumbwi inakuja kuizunguka. Magunia ya dagaa yanapandishwa, mabati yanashushwa, mtoto mchanga anapitishwa mkono kwa mkono hadi kwa mama yake. Nikiwa nimelala chini sakafuni nilikuwa najua tumekaribia kijiji kwa mtetemo wa mbao tu, kabla ya honi.

Sasa tazameni majitu ya leo. Icon of the Seas ilianza safari za abiria Januari 2024 kutoka Miami. Ina urefu wa mita 365, sitaha 20, na tani 248,663 (tani hizi hazipimi uzito, zinapima nafasi ya ndani). Titanic ilikuwa na tani 46,328, yaani Icon inaimeza Titanic mara tano na bado nafasi inabaki. Ikijaa hubeba abiria 7,600, na mabaharia wake ni 2,350. Hao ni watu karibu elfu kumi ndani ya chombo kimoja. Imejengwa Turku, Finland, kwenye kiwanda ambacho mwaka 2014 kiliingia mikononi mwa familia ile ile ya Meyer. Mikono ya nyumba moja, Liemba na Icon!

Sisemi ukubwa ni dhambi. Ninachosema ni kwamba majitu haya yameipa bahari kisogo. Chumba chetu kilikuwa na roshani nzuri, lakini roshani yenyewe ilitazama bustani iliyo katikati ya meli, na ng'ambo ya bustani kuna roshani za wenzetu. Asubuhi ya kwanza nilifungua mlango nikamwona mzee mwenzangu upande wa pili amesimama na kikombe cha kahawa, ananitazama. Tuko katikati ya bahari, na kila mmoja anatazama chumba cha mwenziwe. Nilitembea toka omo hadi tezi nikipita maduka, kasino, bwawa, bwawa tena, mtelezo wa maji, mkahawa. Siku ya tatu ndipo nilipoiona njia ya wakimbiaji kwenye sitaha ya tano, na pale nikaliona povu la maji likipita karibu. Tangu hapo mama wa kijana wangu alijua pa kunitafuta.

Hili halikuja kwa bahati mbaya. Mwaka 1988 ilitoka Sovereign of the Seas na ukumbi wake mrefu wa ndani uliopanda sitaha kadhaa, watu wakaupenda. Mwaka 2009 ikatoka Oasis of the Seas, iliyoachwa wazi katikati na kuwekewa bustani ya mimea hai iitwayo Central Park. Hapo ndipo chumba chenye roshani kilipoweza kuuzwa bila bahari.

Basi hoja yangu: aliyependa meli kwa ajili ya bahari hawezi kulipenda jitu, hata umpe nini ndani yake. Hivi ni vitu viwili tofauti, vimepewa jina moja. Mnasemaje?

Mhudumu wa vyumba, yupo safarini Karibi

Shikamoo mzee. Mimi ni wa Likoni, Mombasa, na ninafanya kazi kwenye meli kama hiyo unayoisema. Nimekusoma mara mbili. Kwa heshima zote, napinga.

Mkataba wangu wa kwanza nilikuwa kwenye meli ya abiria mia mbili hivi. Ilikuwa nzuri, nahodha alinijua kwa jina. Lakini tulikuwa tunatia nanga mbali na mji, abiria wanashuka ngazi ya pembeni kuingia kwenye boti, na boti inapanda na kushuka na wimbi. Ukikosea hatua, mguu huo. Lifti hakuna. Hapo nani anasafiri? Ni mwenye magoti mazima.

Huku nilipo sasa, wiki iliyopita nilikuwa na bibi mmoja wa miaka themanini na kitu, yupo kwenye kiti cha magurudumu, amekuja na watoto na wajukuu kumi na mmoja. Chumba chake mlango ni mpana, bafuni hakuna kizingiti, na kiti kinafika hadi roshani. Roshani yake ilitazama bahari, mzee, zipo nyingi za hivyo. Kila jioni nikiingia kutandika namkuta pale, wajukuu wamemzunguka na nywele bado zinadondosha maji ya bwawa. Aliniambia tangu mumewe afariki hawajawahi kulala wote chini ya paa moja. Meli gani ndogo ingewabeba wote, mtoto wa miaka minne na bibi asiyetembea, na kila mtu akapata lake?

Halafu kuna sisi tunaofanya kazi. Huku kuna zahanati ya maana, kuna kozi, na kuna ngazi ya kupandia cheo. Chini kuna korido ndefu inayopita meli nzima, mabaharia wanaiita I-95 kwa jina la barabara kuu ya Marekani, na humo unasikia lugha za dunia nzima. Kiswahili pia. Tumekaa na wapishi wa mabaharia tukaomba, siku hizi kuna Jumapili wanatupikia ugali.

Msomaji wa Dubai

Nichangie kidogo tu. Meli ya QE2, yaani Queen Elizabeth 2, ipo hapa kwetu Port Rashid, imekuwa hoteli tangu 2018. Ilipoanza kazi 1969 ilihesabiwa miongoni mwa kubwa. Ina mita 293 na tani kama 70,000. Nimeipanda. Unatembea nje kwenye sitaha za mbao, huku ukuta wa meli, huku reli na maji. Leo wapenzi wa meli ndogo wanaisifu kana kwamba ni yao. Kwa hiyo mzee, urefu sio unaokukera. Lililokukera ni jinsi walivyoichora.

Muuguzi, Glasgow

Mimi naona mnazunguka bila kugusa bei. Kule Oban, pwani ya magharibi ya Scotland, kuna meli ndogo inaitwa Hebridean Princess. Ilizinduliwa 1964 ikiwa feri ya visiwani, na tangu 1989 ni meli ya kitalii inayobeba watu hamsini hivi. Malkia Elizabeth aliikodi yeye na familia yake mwaka 2006. Nimeiona ikiwa gatini, mwili wa bluu iliyokoza, bomba jekundu, inapendeza mno. Nikarudi nyumbani nikatazama bei, nikafunga ukurasa. Kwa fedha ya mtu mmoja wiki moja pale, mimi, mume wangu na watoto wawili tunapanda jitu na chenji inarudi.

Nasema haya kwa uchungu kwa sababu moyo wangu upo kwa mzee. Napenda meli ndogo. Siku ya mapumziko napanda feri ya kawaida ya kwenda Mull, dakika hamsini hivi, nanunua chai nasimama nje upepo unipige. Lakini tukiwaambia watu "jitu halina bahari, pandeni ndogo", tunawaambia wauguzi na walimu wabaki nyumbani. Ndogo za kitalii zimekuwa za matajiri.

Mtembeza wageni, Mji Mkongwe

Mzee wangu, mie nakuunga mkono, ila kwa njia nyengine. Nyote mnazungumza mlio ndani ya meli. Mie ndiye ninayesubiri gatini.

Majitu ya Florida hatujayaona huku. Norwegian Dawn, ile iliyofika Mombasa mapema 2025, ina tani 92,250 na abiria zaidi ya elfu mbili, na kwa Icon hiyo ni mtoto. Lakini chukua kundi la watu 25 tu, lisimame mbele ya mlango mmoja wa nakshi pale Hurumzi. Nyuma yao hapiti mkokoteni, hapiti bibi anayetoka sokoni na kikapu chake. Sasa makundi hayo yawe kumi kwa asubuhi moja. Wageni wa meli kubwa wanataka wauone mji kwa saa tatu, kwa sababu chakula cha mchana kimeshalipiwa melini. Muuza urojo hawamtazami. Wa meli ndogo wanakaa. Juzi nilikuwa na mama mmoja wa kizungu ametoka kwenye meli ya watu mia, tukakaa barazani na fundi wa nakshi hadi magharibi, akajifunza kushika patasi.

Siwakatai wakubwa. Madereva wetu wanakula siku hiyo, na mie nakula. Lakini mji una kipimo chake.

Mwanzisha mada, Kigoma

Marahaba binti yangu wa Likoni. Nimemsoma bibi yako na wajukuu wake nikanyamaza kwa muda. Umenishinda hapo, nakiri. Na ndugu wa Dubai amenisahihisha vyema: kosa langu ni kuanza na mita na tani. Kama QE2 yenye mita 293 bado inampa mtu reli na maji, basi ukubwa wenyewe si mwizi.

Lakini muuguzi, kuhusu bei, nakuomba tulitazame tena. Jitu ni rahisi kwa abiria kwa sababu kuna mwingine anayelipa sehemu yake. Venice walilipa. Tarehe 2 Juni 2019 meli MSC Opera ilishindwa kusimama katika mfereji wa Giudecca, ikagonga gati na boti ya watalii, watu wakaumia. Na hiyo haifiki hata theluthi ya Icon. Kuanzia Agosti 2021 serikali ya Italia ikazifungia njia hiyo meli zote zinazozidi tani 25,000. Key West, Florida, wananchi walipiga kura Novemba 2020 kwamba meli yenye nafasi za watu zaidi ya 1,300 isishushe abiria pale, na zaidi ya asilimia 60 wakakubali. Mwaka uliofuata jimbo likaitengua kura yao. Hilo linaniuma, wenye mji wameamua na uamuzi wao ukafutwa. Juneau, kule Alaska, wamekubaliana na makampuni tangu 2024 meli kubwa zisizidi tano kwa siku. Tano! Na mji wenyewe una watu kama elfu thelathini na mbili.

Kijana wa Mji Mkongwe amelitaja neno nililokuwa nalitafuta: kipimo. Mpenzi wa meli ndogo anapenda chombo ambacho mahali kinapofika panaweza kukipokea. Liemba ilipofika kijijini, kijiji kizima kiliijia kwa mitumbwi na bado nafasi ilitosha pande zote mbili. Watu elfu saba wakishuka mahali penye watu elfu mbili, wenyeji ndio wanaogeuka kuwa wageni.

Kwa hiyo sasa nasema hivi: jitu lina watu wake na lina haki yake, bibi yule asinyimwe. Ila lisiruhusiwe kuingia popote, na mji uachwe uamue wenyewe ni kiasi gani. Na wachoraji wa meli, kama wanasoma, watuachie sehemu moja ya nje, isiyo na muziki wala duka, mtu asimame na bahari. Sehemu moja tu kati ya sitaha ishirini.

Binti, nikuulize wewe uliyeko huko. Ukimaliza kazi, bahari unaitazamia wapi?

Mhudumu wa vyumba, yupo safarini Karibi

Mzee, ipo. Kule omo kabisa tuna sitaha yetu mabaharia, abiria hawafiki. Usiku taa za mbele zote huzimwa, kwa sababu walioko kwenye usukani wanahitaji giza waone mbele. Nikishamaliza kutandika, saa tano au saa sita ya usiku, napanda huko na leso yangu kichwani, maana upepo ni mkali. Muziki wa bwawani haufiki. Kuna Wafilipino wawili na Mhindi mmoja wa jikoni huwa nawakuta, hatusemeshani sana. Kila mtu anashika reli yake.

Jana ilikuwa hivyo hivyo. Nilikusoma huko huko gizani, kwenye simu.