Mashine ya boti inachemka na impela ya pampu ya maji nimeshabadilisha, nianzie wapi?

Kaa wa Delta:
Wakuu, habari za humu. Nina Yamaha Enduro 40 ya zamani, ile ya kuchanganya oili, nimeachiwa na mjomba. Natoka nayo Nyamisati kuingia delta ya Rufiji kufuata kaa na kamba. Ikitembea taratibu haina neno. Nikiivuta, dakika kumi na tano tu inaanza kuishiwa nguvu, kama kuna mtu kashika boti kwa nyuma. Nikitemea mate kwenye headi, chsss! Kukojoa maji ya kupoza inakojoa, ila mkojo mwembamba, wa kitoto.

Fundi alifunga impela mpya, ikapata nafuu kidogo, haikupona. Sasa anataka tushushe pistoni na ringi. Hela hiyo sina.

Chuma Kizito:
Pima kilo, uza, tafuta ya kisasa isiyochanganya oili.

Kaa wa Delta:
Mkuu, ningekuwa na hela hiyo ningekuwa naomba ushauri hapa?

Mshipi Mnene:
Chomeka kipande cha mshipi kwenye tundu la kukojolea, chumvi huwa inaziba pale pale mdomoni. Halafu oili: lita 25 za petroli, nusu lita ya oili, na iwe ya boti, imeandikwa TC-W3. Sio kukadiria kwa macho.

Fundi wa Kibandani:
Pistoni zisubiri kwanza. Kaka, impela ya zamani ilitoka na mabawa yake yote?

Kaa wa Delta:
Nimeifukua kwenye ndoo ya vyuma. Mawili hayapo.

Fundi wa Kibandani:
Basi yamo ndani ya mashine. Mpira ukikatika, pampu inausukuma juu pamoja na maji, unakwenda kukwama kwenye bomba la shaba au chini ya themostati, ile valvu inayofunguka maji yakipata moto. Hata ukifunga impela kumi, njia bado imezibwa.

Jambo la pili, kikombe inamozunguka impela na sahani ya chini yake. Pitisha ukucha. Ukikwama kwenye mikwaruzo, badilisha vyote viwili, maana maji yanarudi pembeni. Huko delta mnapita kwenye tope na mchanga maji yakipwa, ni msasa huo.

Themostati iache kwenye sufuria ya maji, pasha moto. Ifunguke mapema, maji yakiwa bado mbali na kuchemka. Kuna watu wanaitupa kabisa. Mimi sishauri, mashine inakuwa ya baridi mno na plagi zinajaa masizi. Bolti zake usizilazimishe, weka mafuta ya kupenyeza zilale nayo. Na usiiwashe nchi kavu "kuisikiliza tu", impela haimalizi dakika.

Mshipi Mnene:
Hilo la mabawa sikuliwaza. Nimejifunza.

Kaa wa Delta:
Wakuu, nimerudi baada ya siku tano. Nyuma ya themostati nimekuta chumvi imeganda kama ukoko wa wali, na katikati yake kipande cha mpira, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Kingine kilikuwa kwenye bomba, nimekitoa kwa waya wa breki ya baiskeli. Kikombe kilikuwa na mifereji mitupu. Themostati haikushtuka mpaka maji yalipotokota, nimeweka mpya.

Jana nimeivuta karibu saa nzima. Kiganja nakiweka juu ya headi na hakiungui. Mkojo sasa wa ng'ombe!

Ila bolti moja ya kifuniko cha themostati ilikatika kichwa, pale panavuja. Fundi wangu anataka kuigonga na patasi.

Fundi wa Kibandani:
Mnyang'anye hiyo patasi. Kama kipande kimechomoza, chomelea nati juu yake, izungushe ikiwa bado ina moto, mbele na nyuma kidogo kidogo. Kama kimezama, piga alama katikati kabisa, toboa kwa biti ndogo kwanza. Aluminiamu ni laini, ukienda upande unaharibu tundu zima.

Na ukirudi kila siku iwashe ndani ya pipa la maji ya kisima yasiyo na chumvi dakika kumi. Mjomba hakukwambia hilo?

Kaa wa Delta:
Aliniambia. Pipa niliuza.