Tupeane uzoefu: wewe uliyepaka bedilaina pikapu nzima kwa rola, ilikuwaje?

KaziNaGari (mleta uzi)

Wakuu, habari za muda huu. Nazungumzia ile rangi nzito yenye chembe za mpira, iliyotengenezwa kwa ajili ya sehemu ya mzigo ya pikapu, ambayo siku hizi watu wanaipaka gari zima kwa nje: milango, boneti, paa, mpaka bampa. Nataka tuwasikie waliopaka wenyewe nyumbani kwa rola. Mliopeleka kwa fundi mkarudi kuchukua funguo, fungueni uzi wenu.

Naanza mimi. Pikapu yangu ni ya kazi, inapita vichakani, na klia (lile tabaka la juu linaloipa rangi mng'ao) ya boneti na paa ilishaanza kubanduka magamba. Rangi ya kawaida inataka bodi iliyonyooka. Kibonyeo kidogo tu, jua likipiga kinaonekana. Bedilaina haing'ai, na chembe zake zinavunja mwanga, kwa hiyo mikwaruzo na vibonyeo vidogo vinamezwa. Hilo ndilo lililonivuta, sina sababu nyingine ya maana zaidi.

Kuviringisha rangi ni kazi ndogo. Kilichokula muda ni kufungua: vitasa, vioo vya pembeni, taa, nembo, mipira ya madirisha. Baada ya hapo msasa. Huhitaji kufika kwenye chuma kama rangi ya zamani bado imeshika. Unachotaka ni kuua mng'ao wote ili mpya ipate pa kung'ang'ania. Sehemu bapa nilitumia msasa namba 80, kwenye kona na mikunjo nikatumia ile pedi ya kusugulia ya rangi ya damu ya mzee. Pale ambapo pedi haikufika vizuri, chini ya mkunjo wa mlango, ndipo rangi inapoanzia kubanduka, kwa hiyo usijidanganye kwamba hapaonekani. Kisha unafuta vumbi lote, unapangusa kwa thina na kitambaa safi, na ukishapangusa usiguse tena kwa mkono mtupu, maana jasho na mafuta ya kiganja yanatosha kuharibu.

Tepu ya karatasi ing'olewe rangi ikiwa bado mbichi. Nasisitiza. Ikikauka, mpira na tepu vinakuwa kitu kimoja. Ukivuta, ukingo unachanika na kubaki nyuzi nyuzi. Kama umechelewa, pitisha wembe kwanza kwenye mstari ndipo uvute.

Haya, leteni za kwenu.

BintiSpana

Mkuu, asante kwa uzi. Mimi naongezea upande wa kopo lenyewe, maana watu wanadhani bedilaina zote ni moja.

Kuna ya kopo moja, kama Herculiner. Inakauka kwa kula unyevu wa hewani, kwa hiyo ukiacha kopo wazi unakuta juu imeshika utando. Kuna ya kuchanganya na hadina (dawa ya kuigandisha), kama Raptor: chupa inakuja na mililita 750 za rangi, unamimina hadina 250 mpaka ijae, unatikisa vizuri, na kuanzia hapo saa inahesabu. Ukichanganya chupa zote kwa mpigo ukiwa na rola moja, nyingine zitakugandia kwenye trei.

Tofauti kubwa zaidi huioni dukani. Inaonekana baada ya jua. Rangi hizi ni za plastiki iitwayo poliyurethani, nayo ipo ya aina mbili, aromatiki na alifatiki. Aromatiki ni ngumu na nafuu, lakini mionzi ya jua inaipausha: nyeusi inakuwa kijivu, halafu inatoa unga ukipitisha kidole. Kwenye sehemu ya mzigo nani anajali? Kwenye boneti utaona kila asubuhi. Kaka yangu alipaka nyeusi ya namna hiyo, na paa sasa lina rangi yake na milango ina yake. Ya kwangu ni alifatiki, niliichanganya na rangi ya mchanga (Raptor inakubali kutiwa rangi hadi asilimia 10), na bado iko sawa. Soma kopo. Kama haliahidi kitu kuhusu jua, chukulia kwamba halihimili.

Kuhusu rola: kila rola ina chapa yake. Ya sponji laini inaacha punje ndogo, ile yenye matundu makubwa inaacha manundu. Jaribu kwenye bati bovu kwanza, kisha nunua rola za kutosha za aina hiyohiyo, maana zinachakaa njiani na ukibadilisha katikati mlango wa kulia hautafanana na wa kushoto. Na koroga mara kwa mara, chembe zinazama chini. Ukiacha, mlango wa kwanza unakuwa mlaini na wa mwisho unakwaruza.

MzeeWaGereji

Vijana, nimekaa na bodi za magari muda mrefu na nawaambia ukweli ambao kopo halisemi. Rangi hii haiponyi kutu. Inaifunika.

Niliuziwa pikapu iliyopakwa hivi, inapendeza kwa mbali. Chini ya milango kulikuwa na uvimbe mdogo, ukibonyeza kwa kidole unaingia. Nilipochokonoa kwa bisibisi ngozi ikainuka kipande kizima, nyuma yake maji na unga mwekundu. Aliyepaka alipitisha rola juu ya kutu hai. Rangi ya kawaida ingepasuka mapema ukaona tatizo. Hii ni nene na inanyumbuka, inashikilia umbo huku chuma kinaliwa ndani.

Kwa hiyo kutu isagwe mpaka chuma cheupe, halafu praima ya epoksi (rangi ya chini ya kulinda chuma) upesi kabla unyevu haujaanza tena. Palipotiwa puti nako papigwe praima. Matundu ya kutolea maji chini ya milango yasizibwe, rola inayaziba bila wewe kujua. Pitisha msumari kabla haijakauka. Namba ya chasisi usiifunike. Na kama kadi ya gari yako imeandikwa rangi, nenda kairekebishe.

Jingine: hakuna kurudi nyuma. Ukiipiga msasa inalainika kwa joto na kuziba karatasi. Kuitoa ni bunduki ya joto na kikwangulio, kipande kwa kipande, na rangi ya chini inaondoka nayo. Mnunuzi anayejua magari akiiona atauliza unaficha nini, na ana haki ya kuuliza. Kwa pikapu ya kazi utakayokaa nayo mpaka ife, sawa kabisa. Kwa gari jipya jipya, mimi nakukataza.

KaziNaGari

Shikamoo mzee. Hayo matundu ya milango watu wengi hatuyafikirii, asante.

PumuSiMchezo

Naomba niwe mkali kidogo. Hadina ya hizi rangi ina isosianati, kemikali hatari kwa mapafu. Kuviringisha kunarusha chembe chache kuliko kupuliza, ila mvuke upo, na kopo moja pia linayo. Barakoa ya vumbi au kitambaa puani havizuii mvuke hata kidogo. Mwili ukishaikataa, kiasi kidogo sana baadaye kinaweza kukuletea pumu, na hali hiyo haiondoki. Nina mtu wa karibu aliyelazimika kuacha kazi ya rangi kabisa kwa sababu hiyo. Kama una pumu tayari, mpe mwingine rola. Fanyia pahali penye hewa inayopita, glavu, miwani, mikono mirefu, barakoa ya vichujio vya mvuke iliyokaa sawasawa usoni. Na watoto wasicheze karibu mpaka ikauke.

Ikikugusa ngozi na kukauka haitoki kwa sabuni. Utatembea nayo mpaka ngozi ijibandue yenyewe.

VumbiNiNyumbani

Nimekaa nayo miaka sasa, acha niseme maisha ya baada ya kupaka, maana watu huishia kwenye picha za siku ya kwanza.

Mzuri: miiba haiachi alama. Kokoto zinazorushwa na matairi hazifanyi kitu. Kwenye maegesho mtu akifungua mlango ukakugonga, unapangusa tu.

Mbaya: kuosha. Ukipitisha kiganja unahisi ulimi wa paka, na huo ukwaru unashika kila kitu. Sponji inachanika vipande vipande na kuachwa juu ya gari. Tumia brashi yenye mpini na maji ya presha, usisugue kwa kitambaa kinachotoa nyuzi. Nta ya kung'arisha usiikaribishe kabisa, inaingia mashimoni na kukauka nyeupe. Na kwenye rangi nyeusi vumbi linakaa kwenye vibonde, kwa hiyo gari linaonekana chafu saa moja baada ya kuoshwa.

Kurekebisha palipochubuka ni rahisi: pedi, thina, rola ndogo. Ila kiraka kipya juu ya rangi iliyopauka kitaonekana, ni afadhali upake kipande chote mpaka kwenye kiungo. Hata siku ya kwanza ni hivyohivyo: usisimame katikati ya mlango, malizia ukingoni, na usirudie palipoanza kushika, utavuta chembe na kuacha vipara.

RolaMpya

Wakuu, nimeweka kiti mbele, haya ni madini matupu. Mimi pikapu yangu bado ina rangi nzuri juu, chini ndiyo imechakaa kwa kokoto. Inawezekana kupaka chini tu, kuanzia madigadi hadi usawa wa bampa? Na bampa la plastiki je?

BintiSpana

Inawezekana, na kwa hali yako ndiyo ningekushauri. Tafuta mkunjo wa bodi unaopita kwa urefu wa gari na umalizie hapo. Mstari uliochorwa katikati ya bati tupu unaonekana kama umeishiwa rangi. Piga tepu mbili: ya kwanza nyembamba ya plastiki, ile inayopinda vizuri, ndiyo inayotoa ukingo safi; ya pili pana juu yake kulinda rangi nzuri. Mikono miwili (yaani matabaka mawili) myembamba ni bora kuliko mmoja mnene, unaotiririka na kufanya machozi kwenye bati lililosimama wima. Tepu itoke mara tu umalizapo mkono wa mwisho.

Bampa la plastiki linataka praima yake maalumu ya plastiki, bila hiyo rangi inachunika. Na kama lina vitambuzi vya kurudi nyuma, vitoe au vifunike, vikipakwa havitasoma.