Naomba ushauri: tumalizie vipi matembezi yetu ziwani?

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Tuko 14, tunatembea kwa miguu kutoka Magu hadi Mwanza mjini, na leo tunalala Kisesa. Hamu ya wote ni kumalizia ziwani, viatu mkononi, miguu majini. Shida ni kichocho. Mmoja wetu kilishamtesa sana. Mwingine lengelenge limempasuka kisiginoni, nyama nyekundu iko nje, soksi inagandia. Nimependekeza tuishie juu ya mawe tukitazama Jiwe la Bismarck, ule mwamba maarufu ulio majini Mwanza, wamekataa: kufika bila kugusa maji kwao si kufika. Nawaelewa kabisa, hata mimi nayatamani.

Je, kuna ufukwe huko Mwanza mjini ambao wenyeji mnauamini? Na huyu wa kisigino, kesho atembee au apande daladala hadi mwisho?