Yule mwenye rimoti, ikiwa 42 kwa 42

Mkereketwa wa Kibokoni: Ndugu zangu, sina haja ya kumtaja, kwa kuwa hakuna anayeketi pale maskani asiyemjua. Jana usiku, mbele ya watu na vikombe vyao vya kahawa, bwana yule alinyakua rimoti akabadilisha chaneli wakati vijana wanne wa ligi ya chipukizi ya spidiwei, yaani mbio za pikipiki, ya Uingereza wamekwisha kujipanga nyuma ya utepe kwa raundi ya 15, ya mwisho, ikiwa matokeo ya timu zao mbili ni 42 kwa 42. Narudia kwa manufaa ya walio ng'ambo ya Likoni: 42 kwa 42! Raundi yenyewe ni mizunguko 4, yapata dakika moja tu, na mtu asiyeweza kungoja dakika moja hawezi kungoja hata kahawa ipoe. Ndiyo maana ulimi wake umebabuka hata hauonji tena adabu.

Akatuwekea nini? Marudio ya mechi ya mpira ambayo hata paka wa Marikiti walikwisha kuyajua matokeo yake.

Nilipolalamika, alitangaza kwamba vijana wale hawana kazi, na kwamba bodaboda wetu huendesha pikipiki zisizo na breki kila siku bila kuundiwa ligi. Watu wakacheka. Muuza kahawa naye alicheka mpaka akamwaga. Pikipiki za spidiwei hazina breki kwa makusudi, bwana wee! Zina injini ya cc 500, gia moja na mafuta ya methanoli, na kijana huilaza kwenye kona ya kushoto huku mguu wake, uliovishwa kiatu cha chuma, ukiburura chini. Mwendeshaji Tai Woffinden alipitia ngazi hiyo hiyo ya chipukizi akiwa na timu ya Scunthorpe mwaka 2006, kisha akawa bingwa wa dunia mwaka 2013, 2015 na 2018. Huyu mwenye rimoti amewahi kuwa bingwa wa nini, ukiondoa kukalia kiti cha mwenzake? 42 kwa 42, jamani!

Nahodha wa Mtongwe: Pole sana, nami nilikuwepo. Ila hukueleza kwamba ulikuwa umesimama juu ya jamvi, ukitufundisha upya kuwa wa kwanza hupata pointi 3, wa pili 2, wa tatu 1, na wa mwisho hatoki na kitu. Mimi mwenyewe niliitamani ile rimoti.

Bi Mwembe Tayari: Mume wangu alirudi saa sita usiku akaniamsha kunieleza kwamba kofia nyekundu na ya buluu ni za wenyeji, nyeupe na ya njano ni za wageni. Sikuwa nimemwuliza. Mwenye rimoti angeizima mapema zaidi.

Mzee wa Bao: Mbona hamkufungua uzi alipotuzimia ndondi, bondia yuko chini na refa amefika saba? Hadi leo sijui kama aliinuka.

Mkereketwa wa Kibokoni: Tafadhalini turudi kwenye mada. Vijana walikuwa nyuma ya utepe! Sijayatafuta matokeo mpaka sasa, kwa sababu nataka kwanza aniombe radhi mbele ya wale wale waliocheka.

Nahodha wa Mtongwe: Yalikwisha 45 kwa 45. Sare. Hukukosa lolote.

Mkereketwa wa Kibokoni: Nani amekuuliza?

Mzee wa Bao: Refa alikuwa amefika saba.

Kijana wa Tononoka: Kabla hamjaendelea, naomba ieleweke kwamba betri za rimoti hiyo ni zangu. Nilizitoa kwenye saa ya ukutani ya mama yangu, nikaahidiwa kurudishiwa baada ya Idi, na mpaka sasa saa yetu inasoma saa nne na robo.

Bi Mwembe Tayari: Afadhali wewe betri. Mimi stuli yangu iko hapo tangu Ramadhani, na huyo huyo ndiye anayeikalia.